Moyo Unapobadili Mwendo Baada ya Operesheni: Sababu Zake na la Kufanya Nyumbani

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo hakai hospitalini muda mrefu. Mambo yakienda sawa huruhusiwa baada ya wiki moja au mbili, na sehemu kubwa ya kupona hufanyika nyumbani. Baadhi ya wagonjwa kutoka Pwani hupasuliwa Nairobi, katika hospitali kama ya Taifa ya Kenyatta au Mater. Wengine huenda Tenwek kule Bomet, wengine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na wengine husafiri hadi India. Wakishapona kiasi cha kusafiri, hurudi katika nyumba zao za Kibokoni, Kuze, Bondeni, Majengo au Tudor, na daktari aliyewapasua hubaki mbali.

Siku chache baadaye, mgonjwa anaweza kuhisi moyo unakwenda mbio, unaruka pigo au unadunda bila mpango. Kuna familia ambazo hudhani operesheni imeharibika. Nyingine humwambia ni uchovu tu, alale, utapita. Mara nyingi ukweli uko katikati. Moyo kubadili mwendo baada ya upasuaji ni jambo la kawaida, lina sababu zinazojulikana, na nyingi kati yake hutibika. Lakini si jambo la kupuuzwa, kwa sababu likiachwa linaweza kuleta kiharusi.

Makala haya yanaeleza sababu hizo, na yale ambayo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kufanya.

Moyo unavyopata mwendo wake

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, na viwili vya chini vinavyoisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Kila pigo huanza na cheche ndogo ya umeme inayotoka sehemu maalumu ya chumba cha juu cha kulia. Cheche hiyo husambaa katika vyumba vya juu, hupita kwenye kituo kimoja kilicho katikati ya moyo, kisha hushuka vyumba vya chini. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na nafasi kati ya pigo na pigo hulingana.

Baada ya operesheni, mpangilio huo unaweza kuvurugika kwa njia kadhaa. Inayotokea zaidi ni ile ambayo vyumba vya juu huacha kupiga kwa pamoja na kuanza kutetemeka. Madaktari huiita AF kwa kifupi. Hapa tutaiita mtetemo wa vyumba vya juu. Mapigo huwa ya haraka na hayalingani. Njia ya pili ni umeme kukwama katikati, na hapo moyo hupiga polepole mno. Ya tatu ni mapigo ya ziada, ambayo mgonjwa huyahisi kama moyo umeruka hatua. Mengi hayana madhara. Ya nne, isiyotokea sana lakini hatari kuliko zote, ni vyumba vya chini kwenda mbio vyenyewe.

Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba wagonjwa wapatao 3 kati ya 10 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo hupata mtetemo wa vyumba vya juu. Baada ya upasuaji wa vali wanaweza kufika 4 kati ya 10, na wanaofanyiwa yote mawili kwa pamoja ni wengi zaidi. Mara nyingi huanza siku ya pili hadi ya nne, mgonjwa akiwa bado wodini. Kwa baadhi, hutokea au hurudi baada ya kufika nyumbani.

Sababu zinazowezekana

Mara nyingi sababu si moja. Ni mambo kadhaa yanayokutana katika moyo uliotoka kwenye kazi kubwa.

*Jeraha na uvimbe.* Ili kurekebisha vali au kuziba tundu, daktari hulazimika kuukata na kuushona moyo. Katika operesheni nyingi moyo husimamishwa kwa muda, na mashine hufanya kazi yake. Baada ya hapo mwili huanza kuponya jeraha, na katika kuponya huko sehemu zilizoguswa huvimba. Nyama ya moyo iliyovimba haipitishi umeme sawasawa. Ndiyo maana siku za kwanza ndizo zenye misukosuko mingi, na ndiyo maana kwa wagonjwa wengi tatizo huisha lenyewe uvimbe unapopungua, kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita.

*Maji mengi au machache mwilini.* Wakati wa operesheni mgonjwa hupewa maji mengi kwa mshipa. Yakizidi, vyumba vya juu hutanuka, na ukuta uliotanuka huanza kutetemeka kwa urahisi. Kinyume chake, mgonjwa aliyepewa dawa za kukojoza na akapungukiwa na maji, moyo wake hulazimika kwenda mbio ili kujaza upungufu huo.

*Madini ya damu.* Umeme wa moyo hutegemea potasiamu na magnesiamu. Dawa za kukojoza, kutapika au kuhara hupunguza madini hayo, na moyo huanza kuruka mapigo. Potasiamu ikizidi nayo ni hatari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha kama madini yamepungua au yamezidi.

*Maumivu, hofu na kukosa usingizi.* Mwili uliojeruhiwa humwaga homoni zile zile zinazotutia mbio tunapokutana na hatari. Mgonjwa anayevumilia maumivu ya kifua bila kusema huufanya moyo uendelee kusukumwa na homoni hizo. Kutumia dawa ya maumivu aliyoandikiwa ni sehemu ya kulinda mapigo.

*Damu pungufu, oksijeni pungufu na maambukizi.* Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, mwenye nimonia au mwenye kidonda kilichooza, moyo wake hufanya kazi ya ziada. Mapigo yakienda mbio pamoja na homa, maambukizi lazima yatafutwe. Kwa mwenye vali ya bandia ni muhimu zaidi, kwa kuwa vijidudu vinaweza kushambulia vali yenyewe.

*Majimaji kuuzunguka moyo.* Moyo umo ndani ya mfuko mwembamba. Baada ya upasuaji, damu au majimaji yanaweza kukusanyika humo. Yakiwa machache huwasha tu ukuta wa moyo. Yakiwa mengi huubana moyo usijae damu, na hiyo ni dharura. Dalili zake ni kukosa pumzi, hasa ukilala, kizunguzungu na presha kushuka.

*Damu iliyoganda mapafuni.* Mgonjwa akilala bila kutembea, damu inaweza kuganda kwenye mguu na kipande chake kupanda hadi mapafuni. Moyo huenda mbio ghafla na pumzi hukata. Hii ndiyo sababu wauguzi huwahimiza wagonjwa kusimama na kutembea mapema.

*Dawa.* Wagonjwa wengi hutumia vidonge vya kutuliza mapigo kabla ya operesheni. Vikisimamishwa ghafla, moyo huruka kama uliofunguliwa breki. Dawa ya digoksini ikizidi inaweza yenyewe kuharibu mwendo wa moyo. Pampu ya pumu ikitumiwa mno, na baadhi ya dawa za kuzibua pua zinazouzwa bila cheti cha daktari, nazo huyaharakisha mapigo.

*Njia ya umeme kuguswa.* Kituo cha umeme cha katikati kiko karibu sana na vali, na karibu na mahali ambapo matundu ya moyo ya watoto huzibwa. Sindano ya daktari ikipita jirani, kituo kinaweza kuvimba au kuumia, na moyo ukapiga polepole. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na nyaya nyembamba kifuani, ili moyo usaidiwe kwa mashine ndogo ikihitajika. Mara nyingi njia hupona kwa siku chache. Isipopona, mgonjwa huwekewa kifaa cha kudumu cha kusawazisha mapigo, kidogo kama kiberiti, chini ya ngozi ya kifua.

*Hali aliyokuwa nayo mgonjwa kabla.* Umri mkubwa huongeza uwezekano. Vivyo hivyo shinikizo la damu la muda mrefu, kisukari, unene, pombe, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa figo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini.

Kwa nini vijana wetu nao huathirika

Katika nchi tajiri, wengi wanaopata tatizo hili ni wazee. Kwetu Afrika Mashariki, wagonjwa wengi wa vali ni vijana. Chanzo ni maumivu ya koo ya utotoni yaliyosababishwa na bakteria na hayakutibiwa kikamilifu. Baadaye huja homa ya baridi yabisi, ambayo hushambulia viungo na vali za moyo. Vali iliyobana au inayovuja hukitanua chumba cha juu cha kushoto mwaka baada ya mwaka. Daktari anaweza kubadilisha vali kwa saa chache, lakini chumba kilichotanuka kwa miaka 10 hakirudi udogo wake siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa wa aina hii, mtetemo unaweza kuwa ulikuwapo kabla ya operesheni na ukaendelea baada yake. Haimaanishi kwamba upasuaji umeshindwa. Maana yake ni kwamba atahitaji dawa na kliniki kwa muda mrefu, na aendelee na sindano za penisilini kila wiki tatu au nne kama alivyoandikiwa.

Hatari kubwa ni kiharusi

Vyumba vya juu vinapotetemeka badala ya kupiga, damu husimama kwenye kona zake na kuganda. Bonge dogo likitoka humo na kupanda kwenye ubongo, mgonjwa hupooza. Hii ndiyo sababu daktari huandika dawa ya kuzuia damu kuganda, na warfarini ndiyo inayotumika sana. Hatari hii haimsubiri mgonjwa ahisi vibaya. Wapo ambao moyo wao hutetemeka bila wao kujua.

Anayetumia warfarini lazima apime damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR. Kwa kawaida kiwango kinachotakiwa ni kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye vali ya chuma hufika 3.5. Kikiwa chini, damu huganda. Kikiwa juu, mgonjwa hutoka damu.

Siku hizi kuna dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, na wengine hushawishika kubadilisha. Mwenye vali ya chuma asizitumie. Kwa wenye mtetemo unaotokana na homa ya baridi yabisi, utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba waliotumia warfarini walipata matokeo bora na vifo vichache. Usibadilishe dawa kwa ushauri wa jirani.

Mwanamke anayetumia warfarini na anayetaka kupata mtoto amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kimyakimya.

Mambo ya hapa kwetu

*Joto.* Miezi ya kaskazi huwa na jasho jingi. Mgonjwa wa dawa za kukojoza anaweza kupoteza maji na madini bila kujua. Muulize daktari kiasi cha maji unachoruhusiwa kwa siku, kwa sababu wengine wamewekewa kikomo.

*Madafu na tende.* Vyote vina potasiamu nyingi. Kwa mmoja vinafaa. Kwa mwingine, mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa zinazohifadhi potasiamu, vinaweza kudhuru. Uliza kabla ya kuvifanya kinywaji na chakula cha kila siku.

*Mboga za majani.* Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Huhitaji kuziacha. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, usikae siku 10 bila mboga kisha ule sufuria nzima.

*Kahawa na miraa.* Kikombe kidogo cha kahawa ya dele kwa kawaida hakimdhuru aliyeizoea, ila katika wiki za mwanzo muulize daktari wako, na ukiona mapigo yanapanda, acha. Miraa na muguka ni jambo jingine. Vina kemikali inayopandisha presha na kuyaharakisha mapigo, na humnyima mgonjwa usingizi. Aliyepasuliwa moyo aviache kabisa.

*Dawa za asili na za dukani.* Vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi, na dawa za nguvu zisizojulikana zilivyotengenezwa, zinaweza kugongana na warfarini au kuvuruga mapigo. Vivyo hivyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huongeza hatari ya kutoka damu. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama umepewa na mtu wa nyumbani.

*Ramadhani.* Mgonjwa amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuanza. Saa za dawa zinaweza kuhitaji kupangwa upya, na wengine hawatakiwi kufunga. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Asijipunguzie dozi ili afunge.

Jinsi ya kupima mapigo nyumbani

Pumzika kwa dakika tano ukiwa umeketi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hadi uhisi mdundo. Hesabu kwa dakika nzima, usikatishe kwenye sekunde 15, kwa sababu mapigo yasiyolingana hudanganya. Zingatia mambo mawili: idadi, na kama nafasi kati ya mapigo zinalingana. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki sita za kwanza.

Jipime uzito pia, ikiwezekana kila asubuhi. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku mbili au tatu, maji yanajaa mwilini. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita mtaani kwako anaweza kukusaidia kupima presha.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiwa na mojawapo ya haya:

- Mapigo yameanza kutolingana na hayakuwa hivyo awali.
- Mapigo yanazidi 100 ukiwa umetulia, au yako chini ya 50.
- Una homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kidonda kinatoa usaha.
- Miguu inavimba au uzito umepanda ghafla.
- Choo ni cheusi, fizi zinatoka damu au una michubuko usiyojua ilikotoka.

Usisubiri hata saa moja, nenda idara ya dharura, kukiwa na mojawapo ya haya:

- Kuzimia au kukaribia kuzimia.
- Kukosa pumzi au maumivu makali ya kifua.
- Mapigo yanayozidi 120 yasiyotulia.
- Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito ghafla.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Katika kisiwa, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, hupokea wagonjwa wa dharura usiku na mchana.

Kwa wakazi wa Mji wa Kale kuna jambo moja zaidi. Vichochoro vingi havipitishi gari. Kubalianeni mapema, kabla ya dharura, gari litasimama wapi: Ndia Kuu, karibu na Ngome ya Yesu, au barabara ya Digo. Kubalianeni nani atamteremsha mgonjwa kutoka ghorofani, kwa kiti gani, na nani atatangulia barabarani kuonyesha njia. Jirani mwenye tuktuk awe na nambari yenu.

Wekeni mfuko mmoja karibu na mlango. Ndani yake ziwe karatasi za hospitali alikopasuliwa, jina la operesheni na tarehe yake, aina ya vali aliyowekewa, orodha ya dawa na dozi, daftari la mapigo na matokeo ya INR ya mwisho. Daktari wa zamu usiku hajawahi kumwona mgonjwa wenu. Akiwa na karatasi hizo pamoja na kipimo cha umeme wa moyo na cha damu, anaweza kuanza kutafuta sababu mara moja.

Mgonjwa anayetumia dawa zake, anayehudhuria kliniki na anayejua kuhesabu mapigo yake ana nafasi nzuri ya kugundua tatizo likiwa dogo. Dawa zikikaribia kwisha, nenda ukachukue nyingine kabla ya kidonge cha mwisho. Na ukijisikia vizuri kabisa, bado usiache dawa mpaka daktari aseme.